Msonobari wa Bi Tabia

Wapo watu ambao wakiisikia methali isemayo mchelea mwana kulia, hulia yeye, mkono huwaenda moja kwa moja kwenye bakora. Walimu wa chuo cha Kurani huipenda, na akina baba wenye hasira za karibu huipenda zaidi. Lakini wahenga waliotuachia maneno haya hawakutaja fimbo mahali popote. Walimtaja mzazi, wakalitaja chozi, kisha wakatuonya kwamba chozi la malezi halipotei: asipolitoa mtoto siku zake, mzazi atakuja kulitoa siku zake. Katika hadithi hii hakuna aliyepigwa hata kofi. Yumo mama mmoja, mwana mmoja, na mti mmoja mfupi kuliko birika la kahawa.

Bi Tabia alikaa Kiponda, katikati ya Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa nyumba nyembamba yenye ngazi za kuchosha magoti, na juu kabisa palikuwa na sakafu iliyo wazi, mahali pa kuanikia nguo na kupungia upepo. Riziki yake ilitoka katika ncha ya sindano. Alishona kofia za viua, zile ambazo kitambaa chake hutobolewa vitundu mamia kwa mamia, na kila kitundu kikazungushiwa uzi, na watu wa mtaani walikuwa wakisema kwamba kofia ya Bi Tabia huvaliwa na baba ikarithiwa na mtoto.

Mwenyezi Mungu alimjaalia watoto wanne, na watatu aliwazika kabla hawajaota meno. Alipozaliwa wa nne, wanawake wenzake walimshauri afanye kama wafanyavyo watu waliochoka kuzika, ampe mtoto jina lisilovuta jicho la mtu. Akamwita Kificho. Wengine huishia kwenye jina. Bi Tabia hakuishia hapo, alimficha kweli.

Kificho hakuogelea Forodhani na wenzake, kwa sababu bahari ina watu wake. Hakupanda mti, kwa sababu miti ina matawi makavu. Alipotimia miaka saba alipelekwa chuoni, mwalimu akamvuta sikio kwa kuruka aya, mtoto akaangua kilio. Kesho yake Bi Tabia alijitanda buibui, akaenda mpaka mlangoni pa chuo na kumrudisha mwanawe nyumbani. Alipotimia miaka kumi na miwili, mjomba wake Miraji, fundi wa kuchonga milango, alimchukua ili amfundishe kazi. Wiki ya pili patasi iliteleza ikamchana kidole. Mtoto alilia, mama akalia zaidi, na patasi ikarudi kwa mwenyewe.

"Mwanangu hafi njaa, na mimi n'na sindano yangu," alimwambia kaka yake.

"Wewe hufi njaa," Miraji akamjibu. "Lakini huyu sindano ataishika lini?"

Bi Tabia alimwona kaka yake kuwa ni mtu wa roho ngumu, akamnunia mwezi mzima.

Mtoto akakua, mzuri wa sura, mpole, mwenye adabu, na asiyejua kufanya lolote. Kila kazi aliyojaribu ilimtupa nje kabla ya mwisho wa mwezi. Alipotimia miaka ishirini alimpenda Kidawa, binti wa Mzee Mkubwa, muuza kamba na misumari wa Darajani, akaenda na mjomba wake kuposa. Mzee Mkubwa aliwapokea vizuri, akawapa kahawa. Alipompa Kificho mkono aliushikilia kidogo zaidi ya desturi, akakigeuza kiganja juu na kukitazama.

"Mwanangu," alisema bila ya hasira, "mkono wako laini kuliko wa binti yangu. Nenda kautafutie kazi, kisha urudi tuzungumze."

Neno hilo lilimchoma Kificho mpaka mfupani. Haikupita wiki mbili, alikuwa ameandikishwa katika meli ya mizigo, kazi yake kukwangua kutu na kusugua sitaha. Aliaga asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mfuko wake begani. Bi Tabia aliushika ukosi wa shati lake kwa mikono miwili na kumwomba kwa kila alichokijua. Kificho aliivua ile mikono, kidole baada ya kidole, kwa upole, akashuka ngazi. Hakulia. Ilikuwa mara ya kwanza mama yake kumwona katika jambo la kuliza asilie, na hilo ndilo lililomtisha.

Ulikuwa mwaka wa 1954. Tangu siku hiyo Bi Tabia aliishi kwa kungoja. Adhuhuri alipakua wali sahani mbili, akala moja, na ya pili akaifunika kwa kawa mpaka alasiri, kisha akaipeleka kwa jirani na kujidai kwamba amezidisha mchele. Alianza kumshonea mwanawe kofia, akiishona polepole makusudi, kwa sababu alijiwekea moyoni kwamba itakapokwisha naye atakuwa amerudi, na akiogopa kuimaliza kabla. Barua zilikuja mbili kwa mwaka, fupi, zenye salamu nyingi na habari chache. Alizisoma mpaka wino ukafifia mikunjoni. Alimtamani mwanawe kama mgonjwa atamanivyo maji, na hakuona haya kulisema hilo kwa kila aliyemuuliza hali.

Mwaka wa pili, siku moja asubuhi, baharia mmoja kijana alibisha hodi. Jina lake Mabrouk, mtu wa Malindi, aliyefanya kazi meli moja na Kificho. Mkononi alikuwa na kopo la biskuti lililotobolewa matundu.

"Shikamoo Bi Tabia."

"Marahaba, baba. Karibu. Mwanangu hajambo? Yupo wapi? Anakula?"

"Hajambo, ana kazi nyingi tu," alijibu Mabrouk huku akitazama vidole vya miguu yake. "Kaniagiza nkupe hili, na barua yake." Alikataa kahawa, akakataa hata kukaa, akashuka ngazi mbili mbili.

Ndani ya kopo mlikuwa na chungu bapa cha udongo, na ndani ya chungu kijiti kisichofika urefu wa dhiraa, chenye gamba la kahawia na majani membamba makali kama sindano, mawili mawili. Bi Tabia alikitazama akashangaa. Kisha akaifungua barua. Kwa mara ya kwanza ilikuwa ndefu.

"Mama yangu mpenzi, baada ya salamu, nakuletea mti. Alonipa ni mzee auzaye chai nyuma ya bandari moja huku Japani. Anayo miti kama hii thelathini vyunguni, na mmoja aliurithi kwa babu yake. Huu ni msonobari, umri wake miaka mitatu. Ukiachwa huwa mrefu kuliko mnara wa msikiti. Ukifunzwa ungali mchanga, hubaki mdogo hivi hivi na kuwa na umbo la mti mkubwa uliopigwa na pepo nyingi. Mama, usiuweke ndani hata siku moja. Uache sakafu ya juu, kwenye jua na upepo. Usiunyweshe mpaka utie kidole mchangani ukione kikavu. Vichipukizi vikisimama kama mishumaa, vivunje nusu. Waya huu wa shaba uzungushie shina, ukunje kidogo, na kila mwezi uongeze kidogo, na uufungue kabla haujaingia kwenye gamba. Utauonea huruma. Usiuonee. Mwaka ukitimia nitakuja, inshaallah, tuutazame pamoja."

Mengine yote Bi Tabia aliyasoma mara moja. Mstari wa mwisho aliusoma mpaka adhana ya adhuhuri. Mwanawe anakuja. Mwaka ukitimia, na mti uwe hai, mwanawe anakuja. Akakibeba kile chungu kama abebwavyo mtoto wa siku saba, akapanda nacho juu.

Wiki tatu za mwanzo aliitii barua. Aliuweka mti juani, akatia kidole mchangani kila asubuhi, akajizuia kumwaga maji. Vichipukizi vikasimama kama alivyoambiwa, vitatu, vyeupe vyeupe. Akachukua mkasi wake wa kukatia nyuzi, akapiga bismillahi, akakata kimoja nusu.

Pale alipokata pakatoka tone. Lilikuwa angavu, zito, likajikusanya taratibu na kuteremka ubavuni mwa kichipukizi. Ni utomvu tu, msonobari wowote ukikatwa huutoa, na mtu aliyezoea miti angeufuta kwa kidole akaendelea na kazi. Lakini Bi Tabia hakuwa mtu aliyezoea miti. Alikuwa mama aliyezika watatu.

"Unalia," alisema, na mkasi ukamwanguka mkononi.

Hakukata tena. Ule waya wa shaba aliuzungusha mara moja tu shinani, ukiwa umelegea, hata nzi angepita katikati, kwa kuwa alipojaribu kuukaza alisikia shina likilia kama kidole kinachovunjwa. Akauambia mti, kwa sauti, kama vile ulikuwa na masikio, "Basi, basi, mwanangu. Hatukukunji leo." Na leo ile haikuwa na kesho.

Balaa nyingine iliingia na jirani yake, Bi Sichana, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe, aliyepanda juu kuazima kinu.

"Msonobari ndio huu?" aliuliza akiwa ameshika kiuno. "Na mimi miaka yote nkidhani sonobari inazaliwa tayari sanduku la sabuni, mbao na misumari yake."

Bi Tabia alicheka, lakini kesho yake Sichana alirudi na wanawake watatu, na keshokutwa watano. Ngazi zikawa kama za harusi. Mmoja wao aliukodolea macho mti ule na kusema kwamba hajaona kitu kizuri kama kile tangu azaliwe, na wala hakusema mashaallah. Sote twajua maana yake. Usiku wa kuamkia siku iliyofuata majani manne ya chini yakawa manjano na kudondoka, kama yadondokavyo majani ya zamani ya mti wowote.

"Jicho hilo," Bi Tabia aliamua. "Walinimalizia watoto wangu watatu, hawatanimalizia na huyu."

Basi akafanya yale aliyoyajua. Aliuteremsha mti chumbani mwake, akauweka ndani ya shubaka la ukuta ambamo mumewe alikuwa akiweka misahafu, akautundikia kipande cha kaniki mbele kuzuia macho. Shinani aliufunga hirizi ndogo. Kila Alhamisi jioni aliufukizia ubani. Na kwa kuwa chumba kilikuwa na joto na yeye alikuwa na huruma, aliunywesha maji asubuhi, adhuhuri na jioni, akiyachanganya na matone ya marashi ya waridi. Wakati wa kulala aliunyanyua ule upande wa kaniki, akautazama, akauambia habari za siku. Sikwambii kwamba alikuwa hana akili. Nakwambia alikuwa na upweke, na upweke ukipata wa kumsikiliza hauulizi kama ana masikio.

Na mti ulikaa kijani. Hilo ndilo lililomponza. Hakuona jani jipya, lakini hakuona pia jani la manjano, akahesabu kwamba mti umetulia, umeacha kulia, umeridhika na malezi. Aliandika barua: "Mti wako mzima, kijani vile vile kama ulivyokuja. Jicho limeukosa. Njoo, mwanangu. Kofia yako imebaki duru moja."

Mwaka ulipotimia, Kificho alikuja kweli. Alipanda ngazi mwenyewe, mzito wa hatua, na aliposema "Shikamoo mama" sauti ilikuwa ya baba yake. Bi Tabia alimkumbatia akamkuta mgumu kila alipomshika. Mikono yake ilikuwa na sugu, na kovu moja lilipita kutoka kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Alilishika kovu lile, kisha akaenda kupakua wali. Alimlisha, akamwangalia akila, akamwongeza, akamwangalia tena. Angeliweza kufanya hivyo mpaka kufa na asidai kitu kingine.

"Mti uko wapi, mama?" Kificho aliuliza baada ya kunawa.

Alimpeleka chumbani, akaifunua kaniki kwa fahari. Kificho alitazama shubaka, hirizi, waya uliolegea, udongo ulioota ukungu. Alikichukua chungu akapanda nacho juu penye mwanga, na mama yake nyuma yake. Akapitisha mkono juu ya majani. Yakatoka, kijani kama yalivyo, yakamjaa kiganjani. Kisha akalikwangua gamba kwa kucha. Chini yake palikuwa pakavu na pa kahawia.

"Huu ulishakufa zamani, mama," alisema. "Pengine miezi miwili. Msonobari ukifa haukwambii. Hukaa kijani tu, ukadhani mzima."

Bi Tabia alikaa chini pale pale kwenye saruji iliyochomwa na jua. "Nliuhurumia," alisema. "Nliukata ukalia, Kificho. Nliuona kwa macho yangu ukilia. Nkasema, nani mimi nimlize?"

Kificho alichuchumaa mbele yake. Aliyachambua majani kiganjani mwake, moja moja, kama atafutaye neno ndani yake.

"Nikwambie kitu, mama, na unisamehe," alisema mwishowe. "Siku aliyokuletea Mabrouk kopo, mimi nlikuwepo."

"Wapi?"

"Hapa. Meli yetu ilitia nanga hapa bandarini kutwa nzima, kupakia karafuu. Nlikaa sitahani nkaiona sakafu hii. Nliiona kamba ya nguo. Nlikuona na wewe ukipanda na chungu. Sikushuka."

Bi Tabia aligeuka akaitazama bahari.

"Nlikuwa na hasira nawe," Kificho aliendelea. "Miezi sita ya mwanzo melini nlilia kila usiku. Ndoo siwezi kuinua, kamba siwezi kufunga, wenzangu wakiniita bibi harusi. Mtu mzima wa miaka ishirini, mama, najifunza vitu walivyofundishwa watoto wa miaka kumi, na kila siku najiuliza, alinipenda vipi huyu hata akaniacha hivi? Yule mzee wa chai aliponipa mti, nkasema ntampelekea. Nione kama ataweza kwa mti lile aliloshindwa kwangu. Kama ataweza, nami ntashuka."

"Na ukashuka," alinong'ona Bi Tabia, "na sikuweza."

"Nliisoma barua yako. Ilisema mzima, kijani."

Hapo Bi Tabia alilia. Hakulia kwa sauti, alilia kama waliavyo watu wanapojua kwamba hawana wa kumlaumu. Mwanawe alikuwa umbali wa mashua moja, amemwona kwa macho, na hasira aliyoitia yeye mwenyewe moyoni mwa kijana huyo, kwa kila kilio alichomzuia, ndiyo iliyomfunga miguu asishuke. Mwaka mzima alikuwa akiuambia mti habari za siku, hata ulipokwisha kufa, na mwana aliye hai alipita mlangoni pake.

Kificho hakumwambia anyamaze. Alikaa ubavuni pake mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia. Kisha Bi Tabia alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akashuka, akarudi na ile kofia. Duru ya mwisho alikuwa ameimaliza juzi. Kificho aliivaa, ikamkaa sawasawa. Akaivua tena, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya viua.

"Vingapi hivi, mama?"

"Sijui. Mamia. Elfu pengine."

"Na kila kimoja ulikitoboa kwanza."

"Usipotoboa si kofia, ni kitambaa tu," alijibu Bi Tabia kama fundi, kabla hajafikiri. Akasikia alichokisema.

Asubuhi iliyofuata walipanda gari la shamba mpaka Chukwani. Pale pwani pamesimama mivinje mirefu, yenye majani kama nyuzi, ikivumishwa na upepo, na chini yake, mchangani, huota miche yake midogo ambayo mbuzi huimaliza. "Msonobari wa kule sina mwengine," Kificho alisema, "lakini huu ni wa kwetu, na umezoea jua letu." Wakachagua mche mmoja usiozidi shubiri mbili. Bi Tabia alipiga magoti mwenyewe akauchimbua na udongo wake. Nyumbani Kificho alimwonyesha namna ya kuutilia mchanga wenye changarawe ili maji yasisimame, akamweleza kwamba mwezi wa kwanza, wakati unashika mizizi, utakatwa kidogo tu na kukunjwa kidogo. Lakini waya hakuushika yeye. Alimkabidhi mama.

Mkono uliowahi kutoboa vitundu elfu ulisita mbele ya shina moja jembamba. Alizungusha mara ya kwanza, akasimama. Akazungusha ya pili. Alipofika ya tano aliushika mche na kuukunja taratibu kuelekea kusini, ukalia kidogo, ule mlio mwembamba anaoukumbuka. Bi Tabia alifumba macho. Hakuachia.

"Basi, mama. Mwezi ujao utaongeza."

"Mwezi ujao hutakuwepo?"

Kificho aliinama. "Meli inaondoka Jumatano. Nimeandikwa miaka mingine miwili, nami sasa ni mkuu wa zamu. Nikirudi, ntakwenda tena kwa mtu kuposa, na safari hii atanipa mkono bila ya kuugeuza." Kidawa mwenyewe alikuwa ameshaolewa Uroa na ana mtoto, na Kificho alilijua hilo, lakini wapo wasichana wengine na wapo wazee wengine wenye kushika mikono.

Bi Tabia alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kumwambia kwamba siku nane baada ya miaka mitatu si haki, kwamba magoti yake yanazidi kuchoka na zile ngazi, kwamba miaka miwili ni mingi kwa mtu aliyekwisha kuzoea kufunika sahani. Alitaka kuushika ule ukosi wa shati tena. Badala yake alimfungia vikate vya mofa katika kitambaa, akamsindikiza mpaka lango la bandari, akapokea busu la mkono, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Mungu akuweke." Akasimama pale mpaka lango lilipofungwa na askari akamtaka asogee.

Siku kumi baadaye, adhuhuri, Bi Sichana alipanda juu na sahani ya vitumbua. Alimkuta Bi Tabia amekaa kwenye kivuli cha mlango wa ngazi, mikono yake ameikalia, macho yake kwenye mvinje uliosimama peke yake katikati ya jua, umekunjwa, umefungwa waya.

"Bi Tabia, kijiti chako kinateketea. Hata kivuli cha kanga hukipi?"

"Kiache."

"Na waya ule unakiumiza, masikini."

"Unakiumiza. Naona."

Sichana alimgeukia, akaona machozi yakimteremka mashavuni bila ya kufutwa. "Sasa walia nini, dada yangu, na aliyekifunga ni wewe mwenyewe?"

"Mwanangu nlimzuia kulia miaka ishirini, Sichana," alisema Bi Tabia. "Nlidhani machozi yale nimeyamaliza. Kumbe yalikuwa yamekaa yakinisubiri mimi."

Bi Sichana aliiweka sahani chini, akakaa karibu na jirani yake. Upepo wa bahari ukapanda, ukayavumisha majani ya ule mche, nao ukabaki umeinama kule kule ulikokunjwa. Bi Tabia aliendelea kuikalia mikono yake, asiende kuufungua, na akaendelea kulia. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.